Harry Truman, Muungwana wa Meza ya Karata

Muhula uliopita nilimla dogo mmoja bumu lake karibu lote. Sikuiba. Nilimla mezani, mbele ya mashahidi, chumbani kwetu hosteli, usiku wa Ijumaa ambayo mchana wake pesa za mkopo zilikuwa zimeingia. Tulikuwa tunacheza poka. Mwenzetu mmoja alijifunza kwenye simu, akatufundisha, na badala ya vile visahani vya plastiki vya kasino sisi tulitumia vizibo vya soda, kila kizibo shilingi 500. Dogo alikuwa mwaka wa kwanza, ndiyo kwanza katoka mkoani, hajui hata mkono upi unaushinda upi. Tulimkaribisha kwa sababu alikuwa na pesa. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa ndiyo kweli yenyewe.

Kilichonisumbua baadaye si ule ushindi. Ni kwamba kila alipoliwa nilicheka na kupiga meza. Akikosea namweleza kosa lake kwa sauti ya mhadhiri. Vizibo vilipomwishia nilimwambia akakope. Yeye akaaga vizuri, akatushukuru kwa mchezo, akaenda zake. Wiki mbili baadaye nilimkuta kafeteria anaomba auziwe wali na mchuzi wa maharage, bila maharage. Akanisalimia kwa heshima, akaniita kaka. Nikaitikia huku natazama viatu vyangu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa maktaba natafuta kitabu cha kozi ya Vita Baridi, nikaangukia maisha ya Harry Truman, rais wa 33 wa Marekani. Nilitegemea kukuta mabomu na mikataba, na kweli nilivikuta. Lakini nilikuta pia karata. Mtu huyu alicheza poka tangu ujana hadi Ikulu, na kwa jinsi alivyokaa mezani alinifanya nijione mshamba. Ndiyo maana naandika. Siandiki kuhamasisha kamari, na msomaji ambaye dini yake inaikataza asinielewe vibaya. Naandika juu ya namna mtu anavyokaa na wenzake pale ambapo mmoja lazima apate na mwingine lazima akose. Hali hiyo haiko kwenye karata peke yake. Iko kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, kwenye matokeo ya UE, kila mahali.

Truman alizaliwa tarehe 8 Mei 1884 katika mji mdogo wa Lamar, jimbo la Missouri. Herufi S iliyoko katikati ya jina lake haikuwa kifupi cha jina lolote. Mwaka 1890 familia ilihamia mji wa Independence. Tangu akiwa mdogo alivaa miwani minene, na kwa kuogopa kuivunja hakuingia kwenye michezo ya kukimbizana na kuangushana. Alikaa ndani, akasoma vitabu, akapiga piano. Baba yake alipoteza mali kwa kubahatisha bei za nafaka, na ndoto ya kijana kwenda chuo kikuu ikaishia hapo. Baadaye alisoma sheria masomo ya usiku mjini Kansas City kwa muda, lakini hakumaliza. Tofauti na karibu marais wote wa Marekani wa karne ya 20, yeye hakuwa na shahada. Sisi tunaolalamikia GPA tukumbuke hilo kidogo.

Kuanzia mwaka 1906 alilima kwenye shamba la familia huko Grandview kwa zaidi ya miaka 10. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Akiwa na zaidi ya miaka 30, na macho yale mabovu, alikwenda Ufaransa akiwa kapteni wa kikosi cha mizinga, Betri D ya Kikosi cha 129. Wanajeshi wake wengi walikuwa vijana watukutu wenye asili ya Ireland, waliokuwa wamewashinda makapteni kabla yake. Aliwanyoosha, lakini aliwanyoosha kwa haki, wakamheshimu.

Hapa ndipo karata zinapoingia vizuri. Jeshi lina muda mwingi wa kusubiri, na wanajeshi wanaosubiri hucheza. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, walirudi kwa meli wakivuka bahari ya Atlantiki, na njia nzima ilikuwa karata na kete. Vijana wa Betri D wakaweka utaratibu: sehemu ya pesa zilizochezewa ikatwe na kuwekwa kando. Kwa pesa hizo walimnunulia kapteni wao kikombe kikubwa cha fedha, wakachora juu yake shukrani zao kwa uongozi wake. Fikiria vizuri. Pesa za kamari, ambazo kwa kawaida huwagombanisha watu, ziligeuka zawadi ya kikosi kizima. Nilipofika hapo nikavikumbuka vizibo vyetu vya soda.

Aliporudi alimwoa Bess Wallace, tarehe 28 Juni 1919, msichana aliyempenda tangu utotoni. Mwaka huohuo yeye na rafiki yake wa jeshini, Eddie Jacobson, walifungua duka la nguo za kiume mjini Kansas City. Mwaka 1922 uchumi uliyumba na duka likafa. Jacobson baadaye alilazimika kutangaza kwamba amefilisika. Truman alikataa kwenda njia hiyo, akalipa madeni ya duka kidogokidogo kwa takriban miaka 15. Kwenye meza ya poka kuna sheria isiyoandikwa kwamba ukishaweka dau, umeweka, hurudishi mkono. Sijui kama yeye aliliona hivyo. Mimi nililiona.

Siasa aliingia mwaka huo wa 1922, akiungwa mkono na Tom Pendergast, bosi wa siasa za Kansas City, mtu ambaye baadaye alifungwa kwa kukwepa kodi. Truman alichaguliwa kuwa hakimu wa wilaya, cheo ambacho kwa kweli ni cha utawala: barabara, majengo na bajeti. Pesa nyingi zilipita mikononi mwake akatoka bila utajiri. Hata hivyo urafiki na Pendergast ulimwandama, na hakuukana. Mwaka 1934 alichaguliwa kuwa seneta.

Katika miaka ile ya wilaya, Jumatatu usiku ilikuwa siku yake ya poka. Alikutana na marafiki, wengi wao wenzake wa jeshini, kwenye chumba cha ghorofani katikati ya mji wa Independence. Dau la juu lilikuwa senti 10. Hapo ndipo palipo na siri ya kwanza ya meza yake: dau liwe dogo kiasi kwamba aliyekosa ataamka kesho bado rafiki yako. Walikunywa kidogo, walizungumza siasa sana, walicheka. Na Truman mwenyewe hakuwa bingwa. Waliocheza naye wamesimulia kwamba alipenda mno kubaki kwenye mkono hadi karata ya mwisho ili aone tu itakuwaje, hata pale ambapo mwenye akili angetupa karata zake mapema. Mtu wa namna hiyo hupoteza. Alipoteza na kutabasamu, akachanga karata, mchezo ukaendelea.

Kwa wasioijua poka, nieleze kwa ufupi. Kila mtu ana karata zake, nyingine amezificha. Watu wanaweka pesa katikati, wanapandisha dau au wanajitoa. Unaweza kushinda kwa kuwa na mkono mzuri, au kwa kuwatisha wenzako kwa dau kubwa huku mkononi huna kitu. Maana yake ni kwamba udanganyifu umeruhusiwa ndani ya mchezo. Ndiyo sababu adabu nje ya mchezo inabanwa sana: cheza kwa zamu yako, usimchungulie mwenzako, ukishajitoa usizungumzie mkono unaoendelea, usimcheleweshee mwenzako matokeo ili umuone akihangaika, usimpe somo aliyeliwa. Uongo umewekewa mipaka yake, na nje ya mipaka hiyo watu wanaaminiana kabisa. Adabu hiyo ikiondoka, kinachobaki ni wizi wenye kanuni.

Januari 1945 Truman aliapishwa kuwa makamu wa Franklin Roosevelt. Alikaa kwenye kiti hicho siku 82 tu. Tarehe 12 Aprili Roosevelt alifariki, na mkulima wa Grandview akajikuta rais katikati ya vita vya dunia, akiwa hajaambiwa mambo makubwa, likiwemo bomu la atomiki.

Hakuacha karata. Alicheza kwenye boti ya rais iliyoitwa Williamsburg, ikielea kwenye mto Potomac. Alicheza Key West, Florida, alikokwenda kupumzika mara 11 katika urais wake, kwenye meza iliyotengenezwa na mafundi wa Jeshi la Majini. Meza ile ilikuwa na mfuniko: ukiuweka, ni meza ya chakula ya kawaida, ukiutoa, ni ya poka. Walioketi humo walikuwa wasaidizi wake, maseneta, na mara nyingi Fred Vinson, ambaye Truman mwenyewe alimteua kuwa Jaji Mkuu wa Marekani. Mezani vyeo vililegea. Rais aliweza kuliwa na msaidizi wake, na msaidizi hakutakiwa kuomba radhi.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nifunge kitabu na kukaa kimya. Clark Clifford, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia baadaye utaratibu wa pesa kwenye michezo ile ya Ikulu. Kila mchezaji alianza na visahani vya dola 500, pesa nyingi kwa wakati ule. Lakini kila mtu aliposhinda, sehemu ya ushindi ilikatwa na kuwekwa kwenye bakuli. Waliliita bakuli la umaskini. Aliyemaliza pesa zake zote hakufukuzwa wala hakukopeshwa kwa masimango. Alichota dola 100 bakulini na kuendelea kucheza. Ikiisha anachota tena. Kwa hiyo hasara ya mtu ilikuwa na sakafu, na hakuna aliyeondoka mezani mapema kwa aibu. Walioketi pale hawakuwa matajiri wote. Kulikuwa na watumishi wa serikali wenye mishahara ya kawaida, na bila bakuli lile wangelazimika ama kukataa mwaliko wa rais, ama kuumia kimyakimya.

Nilimwambia dogo akakope. Rais wa Marekani aliweka bakuli.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Machi 1946. Chuo kimoja kidogo, Westminster, kilichoko Fulton katika jimbo la Missouri, kilikuwa kimemwalika Winston Churchill kuhutubia. Hebu fikiria, chuo kidogo cha mkoani kinamwalika mtu aliyeiongoza Uingereza vitani, na Truman anaongeza chini ya barua ya mwaliko kwamba mimi mwenyewe nitakuja kukutambulisha. Churchill, aliyekuwa na miaka 71 na amekwisha kushindwa uchaguzi nchini kwake, akakubali. Wakasafiri pamoja kwa treni kutoka Washington.

Usiku, ndani ya behewa, wakakaa poka. Clifford alikuwepo, naye ndiye aliyetuachia kisa hiki. Kabla ya mchezo Truman aliwaonya watu wake kwamba mgeni ni mchezaji wa siku nyingi, kwa hiyo heshima ya poka ya Marekani iko mashakani na kila mmoja ajitahidi. Wakajitahidi. Ikagundulika haraka kwamba Churchill hajui sana. Baada ya kama saa moja, rundo la visahani mbele yake lilikuwa limepungua vibaya. Alipotoka chumbani kidogo, Truman akawageukia watu wake kwa ukali: mgeni wetu hatendewi vizuri. Wao wakajitetea kwamba wakiendelea kucheza kwa uwezo wao wote wataichukua hadi nguo ya ndani ya mzee wa watu, kwa hiyo rais aseme anataka nini. Makubaliano yakawa ya katikati. Asiachiwe ashinde tu, kwani mtu wa akili kama yule angegundua na angeona anadharauliwa. Wala asikamuliwe. Mara hii wakamwachia mkono mzuri, mara nyingine wakajitoa hata walipokuwa na karata nzuri. Mwisho wa usiku Churchill alikuwa amepoteza kama dola 250. Kiasi cha kuuma kidogo, si cha kutia aibu. Tarehe 5 Machi akasimama Fulton na kutoa ile hotuba ya pazia la chuma, ambayo ndiyo tunayoulizwa kwenye mitihani. Poka ya usiku uliotangulia hawatuulizi.

Nimelitafakari sana jambo lile la katikati. Ningekuwa mimi ningeona njia mbili tu: kumla mtu hadi mwisho, au kumhurumia waziwazi. Truman aliona ya tatu. Kumwachia mtu ashinde kwa huruma ni kumwambia kwamba yeye si mwenzako. Kumkamua ni kumwambia kwamba yeye ni mawindo. Ukarimu wa kweli ni kumwacha acheze, apoteze kidogo, acheke, na kesho awe na hamu ya kurudi.

Juu ya meza yake ya kazi Truman aliweka kibao cha mbao kilichotengenezwa kwenye gereza la vijana huko El Reno, Oklahoma, alichopelekewa mwaka 1945. Maandishi yake yalisema kwa Kiingereza kwamba lawama haisogezwi zaidi ya hapa. Neno lililotumika lilitoka kwenye poka: zamani kitu fulani kiliwekwa mbele ya mtu ambaye ni zamu yake kugawa karata, na asiyetaka kugawa alimsogezea jirani. Kwa hiyo kusogeza kile kitu kukawa na maana ya kukwepa wajibu. Truman alisema kwamba kwake hakisogei tena.

Hapo lazima niseme na upande wa pili, maana adabu mezani haimfanyi mtu kuwa malaika. Agosti 1945, akirudi kutoka mkutano wa Potsdam kwa meli ya kivita Augusta, Truman alicheza poka na waandishi wa habari waliokuwa ndani ya meli. Safari hiyohiyo, tarehe 6 Agosti, akiwa bado baharini, alipokea taarifa kwamba Hiroshima imepigwa bomu. Siku tatu baadaye ikafuata Nagasaki. Watu zaidi ya laki moja walikufa katika miji hiyo miwili. Mtu aliyejali mgeni asipoteze dola nyingi mno alikuwa ndiye huyohuyo aliyebeba uamuzi ule, na hakuwahi kuujutia hadharani. Vilevile, katika barua zake za faraghani aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi, kama alivyolelewa. Lakini tarehe 26 Julai 1948, katika mwaka wa uchaguzi ambao karibu kila mtu alisema atashindwa, alitia saini amri ya kufuta ubaguzi wa rangi jeshini, huku wanasiasa wa kusini katika chama chake wakisusa. Mwaka huo alimshinda Thomas Dewey, na gazeti moja la Chicago lililokwisha kuchapa kwamba Dewey ameshinda likabaki kichekesho mikononi mwake.

Siwezi kuziweka karata hizi zote kwenye mkono mmoja ukaeleweka. Nilijaribu kwa ajili ya makala hii, nikashindwa. Ninachoweza kusema ni kwamba aliye mbele yako mezani unamwona macho, jasho na vidole vinavyotetemeka, na ni rahisi zaidi kumtendea vema. Aliye mbali humwoni. Truman alikuwa muungwana sana kwa wanaoonekana. Swali la wasioonekana namwachia msomaji wa kozi ya historia. Mimi nilikuwa nimeshindwa hata kwa yule niliyekuwa namwona, umbali wa mita moja.

Truman alitoka madarakani Januari 1953, akarudi Independence kwenye nyumba ileile ya familia ya mkewe, akawa anatembea asubuhi barabarani kama mstaafu yeyote. Alifariki tarehe 26 Desemba 1972, akiwa na miaka 88, akazikwa kwenye ua wa maktaba yake.

Dogo nilimtafuta. Nilikwenda na pesa zake kwenye bahasha, akakataa kuzipokea. Alisema aliliwa kihalali, na kupokea kungekuwa kujidhalilisha. Nikaona nimerudia kosa lilelile kwa mlango mwingine. Basi nikamwambia kwamba Jumatatu tunaanza upya, kizibo shilingi 50, na mezani kuna kopo la plastiki: kila anayeshinda anadondosha humo kizibo kimoja, na anayeishiwa anachota. Pesa zake za zamani nimezitia humo zote kama mtaji wa kopo. Alifikiri kidogo, akasema atakuja.

Alikuja. Alikuwa amejifunza kwenye simu wiki nzima, na usiku ule alinila shilingi 1,200 kwa kunitisha na mkono ambao haukuwa na kitu. Hakucheka wala hakupiga meza. Alinipa pole, akanisogezea kopo.